Hamisi bin Juma yupi? Kuwatenganisha wazee wa jina moja katika karatasi za kale za Tabora na Ujiji

Ukiwatafuta wazee wako katika karatasi za Tabora za wakati wa Mjerumani na Mwingereza, shida yako haitakuwa kukosa jina. Jina utalipata, tena mara nyingi mno. Hamisi bin Juma ameuza nyumba Gongoni. Hamisi bin Juma amedaiwa bei ya majora ya nguo. Hamisi bin Juma ni shahidi katika shauri la mirathi kule Ujiji. Kisha kuna Hamisi bin Juma aliyekufa, na mali yake inagawanywa. Jina hili nimelichukua kwa mfano tu, ila kila ukoo wa mji huu una jina lake la namna hiyo.

Wengi hufanya jambo moja: wanakusanya kila karatasi yenye jina la babu na kumpa babu zote. Babu anageuka mtu wa wake saba, mashamba matano, na umri usiowezekana. Ubaya wake si wa vitabuni tu. Nimeona ndugu wakienda barazani kudai kiwanja kwa hati ya marehemu ambaye hakuwa wao, na nimeona watoto halali wa marehemu mwingine wakifutwa katika nasaba kwa sababu baba yao amemezwa na jina la mtu aliyefahamika zaidi. Kwa hiyo kazi yetu inaanza kinyume cha mazoea. Kwanza tunawatenganisha watu, kisha ndipo tunaunganisha ukoo. Karatasi haina mwenyewe mpaka uthibitishe ni ya nani.

Hatua ya kwanza: uliza watu waliomzunguka, usiulize jina

Kabla ya kugusa faili lolote, keti na wazee. Usianze kwa kumwuliza bibi, "Babu Hamisi aliitwa nani kamili?" Atakupa jina lilelile ulilonalo. Mwamkie, mpe nafasi ya kuzungumza, kisha uliza pembeni: "Shikamoo bibi. Huyo babu mama yake alikuwa nani? Alioa wapi mara ya kwanza? Nyumba yake ilipakana na ya nani? Alizikwa makaburi gani? Watu walimtania kwa jina gani?" Jina la utani lina thamani kubwa, kwa sababu makarani wa mahakama walilazimika kuliandika pale walipokuwa na watu wawili wa jina moja mbele yao.

Wazee wengi hawahesabu kwa miaka, wanahesabu kwa mambo yaliyotokea. Wape ngazi ya kusimamia. Mtemi Isike wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, alikufa Januari 1893 Wajerumani walipoivunja boma yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Swali la "babu alikufa kabla ya treni au baada yake?" hujibiwa na mtu ambaye ukimwuliza mwaka atanyamaza. Andika majibu kama yalivyosemwa, na andika nani amesema, hata yanapopingana. Yale yanayopingana ndiyo mara nyingi yanayofichua kwamba wanazungumzia watu wawili.

Hatua ya pili: jua jinsi majina ya huku yanavyojirudia

Hapa inafaa tukae kidogo, maana mtego mkubwa uko humu.

Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake. Sasa fuata mstari: Juma anamzaa Hamisi, Hamisi anamzaa Juma, Juma huyo anamzaa Hamisi. Babu ni Hamisi bin Juma na mjukuu naye ni Hamisi bin Juma, neno kwa neno. Kati yao kuna miaka kama hamsini au sitini, na wote wawili wanaweza kuwa na nyumba katika mtaa uleule, kwa kuwa mmoja amemrithi mwenzake. Ukiona shughuli za "mtu mmoja" zimeanza wakati wa Mjerumani na zinaendelea hadi karibu na Uhuru, shuku babu na mjukuu kabla ya kumsifu mzee kwa maisha marefu. Tiba yake ni jina la tatu. Hamisi bin Juma bin Hamisi na Hamisi bin Juma bin Salum hawawezi kuwa mmoja, isipokuwa karani amekosea.

Kwa Wanyamwezi jina hufuata pia namna mtoto alivyozaliwa. Kila nyumba yenye pacha ina Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Kwa hiyo Kulwa peke yake katika daftari la kodi hakuambii lolote mpaka umjue mwenzake wa kuzaliwa na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chake aliye chini ya mtemi. Tena mtu huyohuyo angeweza kuwa na jina la Kinyamwezi nyumbani, jina la safari aliloshika alipokuwa mpagazi, na jina la Kiislamu au la ubatizo mbele ya karani. Basi kosa lina pande mbili: unaweza kuwaunganisha wawili kuwa mmoja, na unaweza kumpasua mmoja kuwa wawili.

"Bin" nayo si lazima iwe baba mzazi. Kwa mila ya Kinyamwezi, mtoto wa ndoa isiyolipiwa mahari alihesabiwa upande wa mama, na angeweza kuandikwa kwa jina la babu wa upande huo au la mjomba aliyemlea. Aliyesilimu mkubwa, au ambaye baba yake hakujulikana, aliandikwa pengine "bin Abdallah". Na aliyekuwa mtumwa wa nyumba ya mtu angeweza kubeba jina la bwana wake baada ya kuwa huru. Kwa hiyo watoto wawili wa "Salum" mmoja, mmoja wa damu na mwingine wa nyumba, wanaweza kukaa katika karatasi kama ndugu. Utawala wa Kijerumani ulitoa hati za uhuru kwa watu waliokombolewa, na Mwingereza akaufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Hati hizo ni miongoni mwa karatasi chache zinazomtaja mtu wa kawaida pamoja na alikotoka. Zitafute bila haya. Aliyeachiwa huru ni mzee wetu kwa haki ileile.

Kama unadhani hili ni tatizo la watu wadogo, tazama watu wakubwa. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliopita Unyanyembe na Ujiji walikutana na Said bin Salim, aliyewaongozea Burton na Speke msafara wao kisha akawa liwali wa Unyanyembe. Na Said bin Majid, tajiri wa Ujiji na Unyanyembe ambaye mwanawe aliuawa katika vita na Mirambo, mtemi wa Urambo, mwaka 1871. Na Said bin Habib, aliyevuka bara hadi Luanda. Maandishi yakisema "Said Mwarabu" na kuishia hapo, msomaji wa haraka atamchagua anayemjua. Jina la baba pekee ndilo linalowatofautisha watatu hawa, na si kila karatasi imelibeba.

Hatua ya tatu: mfahamu mwandishi wa karatasi

Jina limeandikwa kwa sikio la aliyeandika. Mjerumani aliandika Djuma na Hamissi, mji wa Ujiji ukawa Udjidji, Unyamwezi ikawa Unjamwesi, Mwanza ikawa Muansa. Sauti yetu ya "y" aliiandika kwa "j", na "sh" kwa "sch". Mbelgiji alifuata Kifaransa, na "u" yake inaweza kuwa "ou". Mwingereza akaja na Juma wa leo, ingawa Khamis, Hamis na Hamisi waliendelea kupishana ukurasa mmoja. Karatasi za kiliwali zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina hali yake: alama za irabu mara nyingi hazimo, kwa hiyo Salim na Salum hutofautiana kwa herufi moja tu katikati, tena mwandiko wa haraka huificha.

Usizidharau tofauti hizi, zinakusaidia kupata wakati wa karatasi isiyo na tarehe. Fedha nazo husaidia. Rupia na pesa huelekeza kabla ya 1904, mwaka ambao Wajerumani walianza kuigawa rupia kwa heller 100 badala ya pesa 64. Rupia na heller ni baada ya hapo. Shilingi ni ya miaka ya 1920 kuendelea.

Tarehe za Hijria zigeuze kwa hesabu nyepesi: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1320 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Aprili 1902, na mwaka 1335 ulianza Oktoba 1916, wiki chache baada ya Wabelgiji kuingia Tabora. Hesabu hiyo inakupa makadirio, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 na huangukia ndani ya miaka miwili ya kawaida. Ukitaka siku kamili, tumia programu ya kubadili kalenda. Ukisahau kubadili kabisa, utamfanya mtu afe miaka mia sita kabla ya kuzaliwa, na hilo utaliona. Hatari ni pale ukurasa mmoja unapochanganya kalenda mbili.

Hatua ya nne: fuata utawala, ndipo utajua faili liko wapi

Tabora ilikuwa ya Wajerumani hadi 1916, ikawa mikononi mwa Wabelgiji kwa muda mfupi, kisha Waingereza. Kigoma na Ujiji walikaa na Wabelgiji hadi 1921. Ndiyo maana babu wa Ujiji anapotea kabisa kati ya 1916 na 1921 ukimtafuta katika karatasi za Kiingereza. Hakuhama. Waliomwandika ni wengine, na karatasi za utawala wao ni za kutafutwa Brussels. Mwaka 1932 Kigoma ikaingizwa katika Jimbo la Magharibi lenye makao Tabora, kwa hiyo barua ya Kasulu au Ujiji inaweza kukaa ndani ya majalada ya jimbo na si ya wilaya.

Upande wa mahakama, shika mwaka 1929. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka huo iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufaa ya shauri la mtemi au liwali ikaenda kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Anayetafuta rufaa ya mwaka 1935 katika vitabu vya Mahakama Kuu atarudi mikono mitupu, kumbe imo katika majalada ya ofisi ya jimbo. Mwaka 1951 ikaja sheria ya mahakama za mitaa, na mfumo huo ukafutwa na sheria ya mahakimu ya 1963 iliyotupa mahakama za mwanzo tunazozijua. Baadhi ya madaftari ya zamani yalirithiwa hivyohivyo, yakabaki katika stoo za mahakama. Uliza kwa karani, kwa heshima na kwa barua, si kwa simu.

Mengi yaliyosalia yako Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam: majalada ya Kijerumani, majalada ya sekretarieti ya Mwingereza, na vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika nasaba za watemi na mipaka ya nchi zao. Nenda na kitambulisho na barua ya utangulizi, na kumbuka kwamba kwa kawaida jalada hufunguliwa likishatimiza miaka 30. Usiombe "faili la babu". Omba orodha ya majalada ya Wilaya ya Tabora, au ya Kigoma, kwa mashauri, mirathi, ardhi na kodi, kisha upitie mwenyewe. Sehemu ya maandishi ya Kijerumani iko katika mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huukwama. Piga picha, umtafute anayeusoma.

Misheni ni za kukimbilia pia ikiwa ukoo wako una Wakristo. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na Wamoraviani waliichukua Urambo kutoka London Missionary Society mwishoni mwa miaka ya 1890. Kitabu cha ubatizo kina namba, tarehe, wazazi na msimamizi. Kwa kutenganisha majina, msimamizi ana maana kuliko watu wanavyodhani: Yosefu wawili wa kijiji kimoja hawana msimamizi mmoja kila mara.

Hatua ya tano: tengeneza jedwali la kutajwa, si jedwali la watu

Chukua daftari kubwa au kompyuta. Kila mahali jina lilipotokea ni mstari mmoja. Hata likitokea mara tatu katika faili moja, ni mistari mitatu. Ipe mistari namba, na kwa kila mmoja jaza: tarehe, aina ya karatasi, namba ya jalada na ukurasa, jina kama lilivyoandikwa herufi kwa herufi, jina la tatu, kabila lililoandikwa, makazi, mtemi au jumbe au mwanangwa wake, kazi, mke, majirani, mashahidi waliokuwa naye, saini au dole gumba, na umri kama upo.

Sharti langu ni moja, na sitalilegeza: usiandike mahali popote "huyu ni babu" katika hatua hii. Ukishaandika hivyo, macho yako yataanza kusoma kila mstari ujao kwa kutaka.

Jedwali likijaa, panga kwa tarehe, kisha kwa makazi, kisha kwa mashahidi. Mara ya tatu ndiyo huonyesha mambo. Mtu hubadili mtaa, hubadili kazi, na hata kabila lake katika karatasi hubadilika: yule aliyeandikwa Mmanyema mwaka huu ameandikwa Mswahili mwaka ule, na Mmanyema mwenyewe angeweza kuwa mtu wa kabila lolote la ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini watu wa kumsimamia hawabadiliki sana. Aliyemdhamini katika deni ndiye aliyeshuhudia ndoa ya binti yake, na ndiye aliyesimama siku ya kugawanya mirathi.

Hatua ya sita: soma kingo za shauri

Katika faili la mahakama, watu hukimbilia hukumu. Kwa kazi yetu hukumu ina faida ndogo. Soma utangulizi wa kila ushahidi, ambapo karani mwangalifu ameandika jina, kabila, makazi na mtemi wa shahidi. Soma sehemu ambapo mdaiwa anakana: "Siyo mimi niliyechukua mali, ni Hamisi wa Kwihara." Sentensi kama hiyo inakupa watu wawili wa jina moja, katika siku moja, kwa kinywa cha mtu aliyewajua wote. Hakuna ushahidi bora kuliko huo.

Tazama saini. Mmoja ametia dole gumba, mwingine ameandika jina kwa herufi za Kiarabu kwa mkono uliozoea. Aliyetia dole mwaka 1925 anaweza kujifunza kuandika baadaye, lakini aliyeandika kwa ufasaha mwaka 1915 haelekei kuwa ndiye anayetia dole miaka mitatu mbele, labda kwa ugonjwa au upofu. Piga picha saini zote, uziweke kando kwa kando.

Kisha angalia ni mahakama gani. Sheria ya Mwingereza iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji. Mwarabu alikuwa asiye mwenyeji, Mswahili alihesabiwa mwenyeji, na mgawanyo huo uliamua nani anaandikwa katika daftari la kodi ya kibanda na kichwa, na nani anafungua shauri kwa mtemi au kwa liwali. Hata kuuza ardhi kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa asiye mwenyeji kulihitaji idhini ya serikali. Kwa hiyo Hamisi bin Juma anayelipa kodi kwa mwanangwa, na Hamisi bin Juma anayeomba idhini ya kununua kutoka kwa mwenyeji, wana hali mbili za kisheria mwaka huohuo. Watu waliozaliwa na baba Mwarabu na mama Mnyamwezi waliweza kuvutwa pande zote mbili, basi chukua alama hii kama nguvu ya ziada, si kama mwisho wa maneno.

Hatua ya saba: ardhi huzungumza kwa majirani

Hati ya kale ya kuuza shamba au nyumba hutaja mipaka minne: mashariki fulani, magharibi fulani, kaskazini njia ya kwenda mahali, kusini mwembe wa fulani. Watu wawili wa jina moja wanaweza kuwa na mashamba mawili Itetemia, lakini hawawezi kuwa na majirani wanne walewale. Andika majirani wote, kisha utafute hati za hao majirani. Wao nao wamemtaja mtu wako kama mpaka wao, pengine kwa jina la utani, pengine wakisema "warithi wa Hamisi". Neno hilo "warithi" ni tarehe: siku ile Hamisi huyo alikwisha kufa.

Sheria ya ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana, na watu wakapewa haki ya kuikalia. Ndani ya mji, kiwanja kilikuwa na namba. Namba za zamani si lazima ziwe za leo, kwa maana vitalu vilipimwa upya. Kabla ya kusema "hiki ndicho kiwanja chetu", ulizia ramani ya zamani ya upimaji katika ofisi ya ardhi, uilinganishe na barabara, reli na msikiti ambavyo havikuhama. Stakabadhi za kodi ya kiwanja zilizofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bibi zina uzito, kwa sababu zinaonyesha nani aliendelea kulipa baada ya nani. Na kule Kigoma, shauri la michikichi lisome kwa uangalifu: mtu anaweza kudai miti aliyoipanda bila kudai ardhi iliyo chini yake.

Hatua ya nane: acha mafungu ya mirathi yakuambie nani alikuwa hai

Kama familia ni ya Kiislamu, hapa ndipo penye hazina, na ajabu ni kwamba wengi hupitia juu. Mafungu yamewekwa na sheria, kwa hiyo hesabu ya mgawanyo ni picha ya familia siku ya kifo.

Mume akifa na kuacha mtoto, mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Wakiwa wake wawili, wanagawana hiyo thumuni moja, kila mmoja sehemu moja ya kumi na sita. Asipoacha mtoto, wala mjukuu wa upande wa mtoto wa kiume, mke hupata robo. Mama wa marehemu, kukiwa na mtoto, hupata sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ndugu wa marehemu wa baba mmoja hapati kitu akiwepo mtoto wa kiume au baba wa marehemu.

Sasa tumia. Tuseme ukoo wako unakumbuka kwamba Hamisi aliacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mke atapata thumuni. Saba ya nane inayobaki inagawanywa mafungu matano: kila mwana mafungu mawili, binti moja. Kwa rupia 400, mke ana 50, kila mwana 140, na binti 70. Ukikuta faili la mirathi la Hamisi bin Juma ambapo mjane amepewa rupia 100 katika 400, huyo mtu hakuacha mtoto. Hawezi kuwa babu wa wana wako, hata kama mtaa ni uleule na mwaka unakaribiana. Ukikuta ndugu wa kiume wa marehemu amepewa fungu, marehemu huyo hakuacha mwana. Ukikuta sudusi imetoka, uliza ni ya nani, huenda umempata mama yake bila kutarajia, na jina la mama ndilo linalofunga mjadala.

Hadhari mbili. Kwanza, madeni, mahari iliyobaki na wasia hutolewa kabla ya kugawa, na mke angeweza kuwa na hisa yake mwenyewe katika nyumba, basi hakikisha unahesabu kile kilichobaki. Pili, si kila familia ilipeleka mirathi kwa liwali. Nyingine zilimaliza kwa mila, na mila ya Kinyamwezi ina njia zake. Usilazimishe thumuni mahali ambapo hakuna aliyeitaja.

Hatua ya tisa: jaribu kuvunja ulichojenga

Ukishakusanya mistari unayodhani ni ya mtu mmoja, ishambulie. Je, alikuwa Ujiji na Tabora siku moja? Je, ametoa ushahidi baada ya kutajwa marehemu? Je, aliuza nyumba akiwa na umri wa miaka tisa? Je, mke aliyetajwa kama mjane mwaka 1928 anatajwa kama mke mwaka 1931? Jibu moja la "ndiyo" linatosha kupasua mtu wako, mpaka uthibitishe kosa la karani.

Ili kusema mistari miwili ni ya mtu mmoja, mimi nadai mambo mawili yasiyotoka chanzo kimoja, mbali na jina. Jirani wa mpaka na saini, inatosha. Jina la mama na fungu la mirathi, inatosha. Mtaa na kabila, haitoshi kabisa. Simulizi ya mzee pamoja na hati ambayo mzee huyo aliwahi kusomewa, hicho ni chanzo kimoja kilichovaa nguo mbili.

Hatua ya kumi: andika, kisha uwarudishie wenyewe

Wape watu uliowatenganisha majina ya kazi yasiyochanganyika, kwa mfano Hamisi wa Gongoni mwenye dole gumba, na Hamisi wa Kwihara mwenye saini. Kwa kila mmoja andika yaliyothibitika na ushahidi wake, namba ya jalada ikiwa kando. Kisha rudi kwa wazee na uwasomee kwa sauti. Hapo ndipo mtu husema, "Aa, huyo wa saini ndiye waliyemwita Maalim, hakuwa wetu, alikuwa jirani."

Ukikutana na jambo la utumwa, au la mtoto aliyelelewa kwa jina la mjomba, lisemee kwanza na mkubwa wa nyumba hiyo faraghani kabla halijasomwa mbele ya kikao. Liandike kwa ukweli, bila kulipunguza.

Mistari isiyoweza kugawiwa iweke katika ukurasa wake, chini ya kichwa "Hamisi bin Juma, hajulikani yupi", na tarehe uliyoiweka hapo. Usiifute, wala usimpe yeyote ili ukurasa uonekane umejaa. Jalada jingine litakapofunguliwa, au mjukuu wa jirani atakapotoa stakabadhi zake, mstari huo utapata mwenyewe. Picha za karatasi zote ziwe na namba ya jalada ndani ya jina la faili, na nakala mbili zikae katika nyumba mbili tofauti.